Pole ya Wakili

Jumatano moja ya Machi 2001, Onyango alipanda ngazi za ofisi ya Wakili Mohsin Anverali, juu ya duka la vitambaa kule Dixon Road, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa bendeji. Alikuwa mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege, na sanduku la msafiri mmoja aliyekuwa akienda Vancouver lilikuwa limemsaga vidole viwili. Mwajiri wake alisema uzembe ni wake mwenyewe. Yeye alitaka kushtaki.

Wakili alikuwa anatafuna karanga. Alizaliwa Tabora, mtoto wa mwenye duka, na ingawa alikuwa ameishi Toronto karibu miaka thelathini, Kiswahili chake kilikuwa bado cha Tabora, kisicho na haraka. Alimtazama mgeni wake, akasema ambalo mtu yeyote aliyelelewa angelisema.

"Loh! Pole sana, ndugu yangu."

"Nimeshapoa," akajibu Onyango, maana ndivyo tunavyojibu, hata mtu akiwa hoi kitandani.

Na kweli akawa amepoa. Alikunja uso kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kisha akaanza kuifungua bendeji. Vidole vilikuwa vile vile: vimevimba, cha kati kimepinda, kucha nyeusi. Akakigonga kidole mezani. Akakigonga tena.

"Hakiumi," akasema.

"Vizuri," akasema Wakili, akamsogezea karanga.

Kesi haikwenda popote. Onyango alirudi kazini kesho yake, na huwezi kusimama mbele ya hakimu ukadai fidia ya maumivu usiyokuwa nayo. Kidole kilipona kikiwa kimepinda na hakikunyooka tena.

Habari hizo, wee, zilisambaa. Kufikia kiangazi ngazi za ofisi zilijaa watu wenye migongo, wenye meno, wanawake walioachwa, Mkongo mmoja aliyenyimwa viza ya mkewe. Wakili anasema pole, mtu anaitikia "nimeshapoa," anashuka akipiga mluzi. Utaratibu ulijulikana bila kutangazwa: lazima aseme yeye, na lazima wewe uitikie. Usipoitikia, pole inabaki hewani kama salamu isiyopokelewa. Jino bovu liliendelea kuoza, mume aliyeondoka hakurudi, na mke wa Mkongo alibaki Bukavu. Kilichoondoka ni uchungu peke yake. Watu waliona inatosha, na aliyeumwa jino usiku kucha hatawalaumu.

Kwa Kiingereza alijaribu, haikufaa. Neno sorry Wakanada hulisema tangu asubuhi: wakikukanyaga, ukiwakanyaga, wakigongana na mlango. Limechakaa, halina meno tena. Basi akawafundisha nao kuitikia. Wazee wa mitaa ya Etobicoke waliovunjika nyonga walikaa kwenye foleni wakifanya mazoezi, wengine wakisema "nimeshaipua," kana kwamba wana chungu jikoni, mpaka ulimi ukakaa sawa.

Lakini mtu asiye na maumivu ni mteja mbovu, na Wakili hakuwa mjinga. Akahamia upande wa pili. Makampuni ya bima yakamlipa akutane na wadai kabla ya kesi, anywe nao kahawa, awape pole. Madai yaliisha kabla ya kikombe kuisha. Kwa pesa hizo, mwaka 2004, yeye na shemeji yake Gulamhussein wakanunua jengo la ghorofa kumi na nne nyuma ya Dixon Road, lililojaa Wasomali, Watanzania, Wakenya na Wakongo. Jengo lilikuwa na jina lake la Kiingereza lililoandikwa juu ya mlango. Watu waliliita Kwa Wakili.

Mtu mmoja tu ndiye hakuwahi kupoa, naye ni Shahida, mkewe.

"Pole mke wangu, nimechelewa."

"Sijapoa," hujibu Shahida. "Ila chai imepoa."

Shahida alikuwa na maneno machache lakini yalikaa. "Mohsin," alimwambia siku moja, "mpita njia ndiye anayesema pole. Aliyekukanyaga anaomba radhi. Wewe unawakanyaga watu halafu unapita njia."

"Kwa mwanasheria, kuomba radhi ni kukiri kosa," akajibu. Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza kwa kila mteja: magari yakigongana, funga mdomo. Neno samahani hakuwa amelitamka tangu amalize shule ya sheria, hata kwa mkewe.

Lifti ya Kwa Wakili ilikufa Februari 2007. Gulamhussein alisema kipuri kinatoka Ujerumani. Wazee wakapanda ngazi wakishika ukuta, akina mama wakabeba vigari vya watoto mgongoni, minong'ono ikaanza. Basi Jumapili moja Wakili akasimama ukumbini pale chini, akasema, "Jamani, poleni na ngazi." Watu zaidi ya mia wakaitikia kwa pamoja, "Tumeshapoa!" Magoti yakaacha kuuma jengo zima. Gulamhussein akaacha kukiulizia kipuri.

Mwaka huo huo chama kilimwomba agombee ubunge wa jimbo. Chama gani, haidhuru, vyote vilimtaka. Mwezi Septemba akawa anapita mlango kwa mlango, na kwa kuwa jengo lilikuwa lake, alianzia nyumbani. Ghorofa ya kumi na moja walikuwa wakikaa Onyango, mkewe Benedicta aliyefanya kazi kwenye jiko la uwanja wa ndege, na binti yao Perpetua wa miaka mitano.

"Hodi, hodi!"

"Karibu, Wakili. Karibu, ila ndio tunatoka." Benedicta alikuwa ameshika koti la mumewe. Onyango alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, jasho linamtoka, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti. "Kifua kinambana. Mkono wa kushoto anasema umekuwa mzito. Nampeleka hospitali."

Wakili aliguswa. Hakuwa mtu katili, na bora angekuwa. Mtu ungejua pa kumchukia.

"Aa! Pole sana, ndugu yangu."

"Nimeshapoa, Wakili."

Rangi ikamrudia usoni. Onyango akavuta pumzi ndefu, akacheka, akautoa mkono kwenye koti.

"Baba Perpetua, twende tu wakuangalie," akasema Benedicta.

"Waangalie nini? Mzima mimi!"

Akashuka na Wakili akimsaidia kubeba mabango ya kampeni, akiimba. Kisha akapitia dukani akanunua sembe, mfuko wa kilo kumi. Wakati wa kupanda, kati ya ghorofa ya nane na ya tisa, akakaa kwenye ngazi. Jirani mmoja alipita akamwuliza habari za mchana. Onyango akasema nzuri kabisa, akafa.

Watu wa gari la wagonjwa walipanda kwa miguu. Baadaye daktari alimweleza Benedicta kwamba moyo ulikuwa umeanza kufa tangu mchana, na kwamba watu huwa wanapiga kelele kwa maumivu ya namna ile. Akamwuliza kama marehemu hakulalamika.

Hakulalamika.

Msibani, wanawake walikaa chini kwenye zulia na wanaume wakajaa mpaka kwenye korido. Kilio kilikuwa kikubwa, kilio cha haki yake. Shahida alikuja mapema akakaa ubavuni mwa Benedicta. Wakili aliposikika anapanda, akihema, na nyuma yake masinia ya sambusa, Shahida akamwinamia mwenzake sikioni.

"Dada yangu, usimwitikie. Lia. Ukimwitikia hutabaki na kitu."

Wakili akaingia, macho yamemwiva kweli kweli. "Poleni jamani. Poleni sana."

"Tumeshapoa," nyumba ikaitikia, maana mazoea yana taabu. Na kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Watu wakafuta machozi, wakajipangusa pua, mmoja akauliza sambusa ni za nini. Haikupita muda wanaume wa kwenye korido wakawa wanabishana mambo ya mpira.

Benedicta peke yake ndiye aliyeendelea kulia, katikati ya watu wanaokula.

"Pole, Mama Perpetua," akasema Wakili, akipiga goti mbele yake.

Hakujibu. Watu wakatazamana, maana kumnyima mtu jibu la pole ni utovu wa adabu ambao hata mfiwa hasamehewi. Wakili akangoja. Kisha, kwa huzuni tu, wala si kwa hila, akamgeukia mtoto.

"Pole, mama mdogo."

"Nimeshapoa," akasema Perpetua kwa sauti safi, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri.

Benedicta alimvuta kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu saa ile Perpetua hakumwulizia baba yake. Aliitazama picha yake ukutani kama mtu anavyotazama picha ya dereva wa basi.

"Umeniua mara mbili," akasema Benedicta. "Uniombe radhi, Wakili. Na utengeneze lifti."

"Kipuri kiko njiani," akasema Wakili.

Oktoba akachaguliwa kwa kura nyingi sana. Foleni za kupigia kura zilikuwa ndefu na hakuna aliyezilalamikia.

Benedicta akachukua kinga za masikio za marehemu, zile za rangi ya chungwa ambazo wapakiaji huvaa wasizibwe masikio na ngurumo za ndege. Akazitundika karibu na mlango. Wakili akitokea jengoni, au sauti yake ikisikika kwenye redio ya jirani, alizivaa. Kila alipokaribia ghorofa ya tisa akipanda na mizigo, aliitua, akaweka kiganja ukutani pale Onyango alipokaa, akasema, "Baba Perpetua, nimerudi." Iliuma kila siku. Aliutunza uchungu ule kama watu wanavyotunza moto nyumba isiyo na kiberiti.

Kule Queen's Park, kwenye Bunge la jimbo, serikali haikumpa Wakili wizara. Ilimpa kazi. Kiwanda kikifungwa mji fulani, anapelekwa. Mto ukifurika, anapelekwa. Wafanyakazi waliopoteza ajira walipangwa kwenye ukumbi wa shule, kijana wa ofisini akawafundisha kuitikia, Wakili akasema pole, wakarudi makwao wakipiga mluzi, na kiwanda hakikufunguliwa. Magazeti yalimsifu kwa kugusa wananchi.

Mwaka 2009 Bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba kuomba radhi si kukiri kosa. Mtu anaweza kusema amekosea na maneno yake yasitumike mahakamani. Wakili aliiunga mkono, akaipigia kura. Benedicta alisikia habari hiyo jikoni kazini. Jumatatu yake akapanda basi mpaka ofisi ya mbunge, kinga ziko shingoni, akakaa mbele ya meza.

"Nimekuja," akasema. "Sasa sheria inakulinda. Hakuna wa kukushtaki, wala sitaki shilingi yako. Nataka neno moja tu, halafu nataka lifti." Akavaa kinga, akainua upande mmoja kidogo, tayari kuuachia.

Wakili alitazama bakuli la karanga. Alikuwa na hoja moja tu maisha yake yote, nayo alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe. Alifungua mdomo. Benedicta aliona midomo inajikunja kutafuta pa kuanzia, na kwa muda mfupi alimwonea huruma.

"Kipuri..." akasema Wakili.

Benedicta akauachia upande ule wa kinga, akaondoka.

Uchaguzi wa 2011 zikaja simu. Mashine ilipiga nyumba zote, ukiinua mkono wa simu unasikia sauti ya Wakili ikisema pole na maisha magumu, watu wanaitikia jikoni peke yao. Benedicta akakata simu ya nyumbani, akabaki na ile ndogo ya mkononi, na namba yake akawapa watu wawili tu: mwajiri wake na bwana wa halmashauri ya jiji aliyeshughulikia malalamiko ya nyumba.

Maana malalamiko yalikuwepo, ingawa yalikuwa ya mtu mmoja. Katika jengo zima lenye lifti iliyokufa, aliyelalamika alikuwa Benedicta. Bwana yule wa jiji, mtu mwenye adabu na sauti ya mafua, alimpigia kila baada ya miezi kadhaa.

"Bado una malalamiko, mama?"

"Bado ninayo."

"Basi jalada liko wazi," husema, na hukata simu.

Desemba 2013 barafu iliangusha miti juu ya nyaya za umeme, mji mzima ukazama gizani karibu na Krismasi. Kwa Wakili joto likakatika. Wakili alikuja mwenyewe na tochi, umri ule, akapanda mpaka juu, kila korido akisema poleni na baridi. Watu wakapoa. Wakakaa sebuleni na fulana, wakicheza karata kwa mshumaa, pumzi zao zinatoka moshi. Aliyesikia baridi ni mmoja. Benedicta akapita mlango kwa mlango na blanketi mabegani, anapiga kwa ngumi.

"Vaeni makoti! Watoto wavisheni soksi! Mnaganda, hamwoni vidole?"

"Mama Perpetua naye," wakasema, wakimcheka. "Kapoe kidogo."

"Sitaki kupoa!"

Wengine walivaa ili anyamaze. Mzee mmoja wa ghorofa ya kumi hakuvaa. Umeme uliporudi, alivua viatu akakuta vidole viwili vya mguu vimebaki ndani. Aliviweka kwenye mfuko wa plastiki, akamwonyesha Benedicta, akasema havikuuma hata kidogo.

Usiku wa siku ile Benedicta alitaka kuacha. Alikaa kwenye kiti cha Onyango, akafikiri jinsi ambavyo angelala usingizi kama wenzake. Ni neno moja tu la kuitikia. Mwanawe wa kumzaa alikuwa hamjui baba, jirani zake walimwona mwendawazimu, yeye alikuwa amechoka mpaka mifupa. Lakini alijua akipoa yeye, hatabaki wa kubisha milango. Asubuhi akaenda kazini.

Shahida alikufa Novemba 2017. Jamaa walikuja kutoka Pickering, Vancouver na Tanga, wote wakamwambia Wakili pole, akawajibu wote nimeshapoa. Zilikuwa pole za kawaida, hazikuondoa kitu. Usiku aliingia chooni, akajitazama kwenye kioo, akajiambia pole mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Mganga hajigangi. Maumivu yalibaki kifuani yamekaa kitako, na ndipo, akiwa na miaka sitini na sita, akajua alichokuwa akiwaondolea watu, na kwamba walikihitaji. Akajaribu kusema samahani, kwa Shahida, pale pale mbele ya kioo. Mdomo ulitoa pole. Akajaribu tena polepole, silabi moja moja, akaushika mdomo kwa vidole. Ukatoa pole.

Juni 2018 akashindwa uchaguzi. Wapinzani wake hawakufanya ajabu yoyote. Ni kwamba watu waliopoa hawatoki kwenda kupiga kura. Msimu huo huo bwana wa jiji akamwambia Benedicta kwamba hatimaye suala la lifti lingefika mahakamani majira ya kuchipua. Shahidi alikuwa mmoja. Alichotakiwa ni kusimama na kusema ameumia.

"Nitasema," akajibu Benedicta. "Hilo ndilo pekee ninalolijua."

Jumamosi moja ya Novemba, alasiri, theluji nyepesi inaanguka, Wakili Mohsin Anverali alipanda ngazi za jengo lake mpaka ghorofa ya kumi na moja. Alipumzika kila ghorofa. Ghorofa ya tisa alipumzika zaidi.

"Hodi."

Perpetua alifungua. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama baba yake, na Kiswahili alikielewa kwa masikio. Kwa mdomo alijibu Kiingereza. Lakini shikamoo aliijua, akaitoa. Kutoka jikoni Benedicta alimwona mgeni ni nani, akanyoosha mkono, akavaa kinga za rangi ya chungwa. Kisha akatenga chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamwekea kikombe mezani bila neno na kukaa mkabala naye, mikono mapajani.

Wakili alikaa kwenye kiti cha Onyango. Hakujua ni cha nani.

Alikuwa ameyapanga njiani yote atakayosema: koti lile ambalo mkono mmoja ulikuwa umeshaingia, kipuri ambacho hakikuagizwa, mtoto huyu anayemtazama. Kwa Kiswahili alijua mdomo utamsaliti. Basi akachagua Kiingereza, lugha ambayo neno lake limechakaa, halina meno, angalau halitamdhuru mtu. Kwa kuwa mama hasikii, akamgeukia binti.

Akamwambia kwa Kiingereza: mwambie mama yako, I am sorry.

Akavuta pumzi aseme yale mengine. Pumzi haikuja. Machozi ndiyo yaliyokuja.

Perpetua alijua uzito wa jambo lile. Tangu mdogo mama yake alimwusia: "Siku Wakili atakaponiambia neno ninalomdai, usinipe Kiingereza. Nipe kwa Kiswahili nisikie vizuri." Siku yenyewe ilikuwa imefika, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha salamu. Alikitafuta. Akakumbuka alipoanguka na baiskeli, alipochomwa sindano, alipong'oka jino: kila mara mama yake alisema neno moja lile lile, na shuleni neno hilo waliliita sorry. Hakuwahi kufundishwa la pili. Katika nyumba ile aliyekuwa na deni la neno la pili hakuwahi kulilipa, basi mtoto angelisikia wapi?

Akasogea, akainua kinga upande mmoja, akasema taratibu asikosee.

"Mama. Anasema pole."

Benedicta alikuwa hajamsikia mwanawe akizungumza Kiswahili, zaidi ya salamu, kwa miaka. Sauti ile laini, yenye kigugumizi cha mgeni, ilimwingia sikioni kabla hajajipanga, na mdomo wa mama hujibu kabla ya akili yake.

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema.

Pole ilikuwa ya Wakili. Mdomo tu ndio wa kuazima.

Mabega ya Benedicta yakashuka. Akavua kinga, akazigeuza geuza mkononi kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, akaziweka juu ya friji. Alitazama dirishani.

"Kumbe kunaanguka theluji," akasema. "Wakili, chai ina sukari?"

Wakili aliona. Perpetua alimtazama, macho yanauliza kama amelipata neno sawasawa. Alikuwa na nafasi. Angetikisa kichwa tu. Angesema hapana, si hilo, liko lingine, na huenda Benedicta angekumbuka kwamba kulikuwa na kitu cha kudai. Lakini alikuwa mwanasheria karibu miaka arobaini na mbunge kumi na mmoja, na mbele yake mwanamke aliyemkimbia muda wote huo alikuwa anatabasamu.

"Inatosha," akasema Wakili, akanyanyua kikombe.

Simu ya Benedicta ikalia. Perpetua akaipokea, akasikiliza, akaiziba kwa kiganja. Ni yule bwana wa jiji, akamweleza mama yake kwa Kiingereza. Anataka kuthibitisha jina la shahidi, na anauliza kama bado una malalamiko.

"Maskini, bado ananitafuta!" Benedicta akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri. Watu wengi wa jengo lile hawakuwahi kukisikia. "Mwambie hakuna neno. Tumeshapoa."

Hilo Perpetua alilitafsiri sawasawa. Bwana wa jiji akamtakia siku njema, akafunga jalada.

Wakili alipoaga, Benedicta akasema atamsindikiza, maana mgeni haachwi mlangoni. Wakashuka pamoja, yeye mbele, akisimulia habari za bei ya ndizi za kupika na jinsi wale wa sokoni wanavyouza mbichi wakidai zimeiva. Kati ya ghorofa ya tisa na ya nane, pale ukutani palipokuwa na alama nyeusi ya kiganja, alipita bila kupunguza mwendo.

Wakili ndiye aliyesimama. Alishika ukuta pale pale, kifua kimembana. Alifungua mdomo mara mbili.

Benedicta alifika chini ya ngazi, akageuka, akamwona mzee wa watu amekwama.

"Pole na ngazi, Wakili," akamwambia.

Ilikuwa pole ya kawaida.

"Nimeshapoa," akajibu Wakili.

Wakaendelea kushuka.